Mpaka wa Doa

Mashine mpya ya kupiga picha nyuma ya jicho ilipofungwa kwenye kliniki, fundi aliyekuja nayo aliwaambia wafanyakazi waizoee kwanza wao kwa wao kabla ya kumkalisha mgonjwa mbele yake. Kwa hiyo wiki nzima walipigana picha. Muuguzi alimpiga mpokea wageni, mpokea wageni akampiga mlinzi, na mlinzi akaomba apewe picha ya jicho lake aende nayo nyumbani, maana mkewe alikuwa akidai kila siku kwamba jicho hilo limejaa wanawake. Walicheka mpaka daktari akatoka chumbani kwake kuuliza kulikoni.

Mwenye kazi hasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye kwao waliendelea kumwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Alikuwa amepiga picha za macho miaka kumi na miwili kwa kamera kuukuu iliyokohoa kila ilipowashwa. Hii mpya haikuwa na kelele. Ilimulika jicho kwa mwanga wa buluu, na palipokuwa na uhai huko nyuma pakajibu kwa mng'ao wa kijivu. Palipokufa palibaki peusi.

Ijumaa ya wiki hiyo dada yake alipita kliniki ili watoke pamoja kwenda kutafuta viatu. Dada huyo alikuwa na miaka hamsini na saba. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa na miaka sita, na dada ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamchapa inapobidi, akamsomesha. Watoto wa Kitinda walimwita mama mkubwa, lakini Kitinda mwenyewe, akiumwa au akiota vibaya, alimwita mama bila kujijua. Dada alifanya kazi kwenye maabara ya kituo cha afya, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiinama juu ya hadubini kutafuta vijidudu vya malaria kwenye damu za watu. Wenzake walimbatiza Bi Hadubini. Kioo chenye tone la damu hakukisoma juu juu. Alikipitia eneo kwa eneo mpaka maeneo mia, na akiandika "hakuna," hakuna aliyehangaika kurudia kipimo.

Kitinda alimwomba akae mbele ya mashine dakika mbili tu. Macho yote ya wiki ile yalikuwa ya vijana, naye alitaka kuona la mtu mzima linatokaje.

"Kumbe mzee mliyemkosa ndiye mimi," dada alisema, akavua miwani, akaweka kidevu mahali pake.

Picha ya jicho la kulia ikaja kwenye skrini. Kuzunguka katikati, pale kwenye makula, ile sehemu ndogo inayosomea maandishi na kutambua sura za watu, palikuwa na madoa matatu meusi ambayo kingo zake zilikuwa wazi kabisa, kama wino ulionyunyizwa kwenye karatasi. Katikati ya madoa kilibaki kisiwa kidogo cha kijivu. Jicho la kushoto lilikuwa na mawili.

Kitinda alikwisha kuona picha za namna ile mamia kwa mamia. Alikuwa na kawaida ya kuzipanga, kuziandika tarehe na kuzituma kwa daktari huku akiwaza chakula cha jioni. Sasa aliganda na mkono juu ya kipanya. Akasema mashine bado haijatulia, pengine ni bora daktari atupe jicho.

Dada akainua kidevu. "Mdogo wangu, hiyo sauti naijua tangu ulipovunja kioo cha kabati. Sema umeona nini."

Kitinda alienda kumwita daktari, na viatu havikununuliwa siku ile.

Daktari wa macho alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kumpa mgonjwa matumaini ambayo angekuja kuyadai baadaye. Alimweleza dada kwamba ugonjwa wa makula uko wa aina mbili. Ule wa maji, ambao mishipa huvuja damu, una sindano zake. Wake ulikuwa ule mkavu, ambao seli zinakufa taratibu kuanzia pembeni ya katikati, na doa linapanuka kama sehemu iliyoungua kwenye kitambaa. Akasema huko mbali kuna sindano mpya zinazopunguza kasi kidogo, ila hazirudishi kilichokwisha kwenda, na hapa hazijafika. Asivute sigara, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ale mboga za majani, jambo ambalo hakuwahi kuliacha. Kila miezi sita aje apigwe picha.

Dada aliuliza picha zitamsaidia nini.

"Zitatuambia doa linakwenda kwa kasi gani," daktari akajibu.

"Zitalizuia?"

"Hapana, mama. Zitatuambia tu."

Ndivyo ilivyoanza. Kazi ya kupima doa ilikuwa ya Kitinda. Mashine ilipendekeza mstari wa kuzunguka sehemu nyeusi, lakini mara nyingi ilidanganywa na kivuli cha mshipa wa damu, ikabidi mtu aurekebishe mstari kwa mkono, nukta baada ya nukta, mpaka ufuate kingo sawasawa. Kisha mashine ilitoa eneo kwa milimita za mraba. Jicho la kulia siku ile ya kwanza lilitoa mbili nukta nne. Baada ya miezi sita likatoa tatu nukta mbili. Baada ya mwaka, nne nukta moja.

Dada hakutaka kufichwa. Alikuwa mtu wa maabara, na namba kwake zilikuwa na heshima yake. Aliomba aonyeshwe picha, akasogeza uso huku na kule mbele ya skrini hadi alipopata pembe inayomfaa, akauliza maswali kama anayemuulizia mgonjwa mwingine. Alitaka kujua kisiwa cha katikati kimebaki na upana gani. Hicho ndicho kilichomwezesha kusoma vioo hadi leo, alisema, kwa sababu akitazama kioo anaona vizuri kabisa kile kilicho mbele ya jicho, ila kilicho kando yake kinapotea na kurudi kama mtu anayechungulia dirishani. Alijifunza kusogeza kioo polepole zaidi. Zamani alisoma vioo arobaini kwa zamu moja. Sasa akimaliza ishirini alikuwa hoi.

Kitinda alihangaika. Alimbadilishia dada taa zote za nyumbani. Alimnunulia kofia pana na miwani ya jua, ambayo dada aliivaa siku mbili akaiacha akisema inamfanya aonekane kama mtu anayekimbia polisi. Alimfuata daktari mara tatu kuulizia zile sindano za mbali; akaandika barua kwa watu waliokuwa wakifanya utafiti, na jibu likaja la adabu sana, kwamba hawachukui wagonjwa kutoka nje. Mara ya nne daktari alimwomba akae, akamwambia anamwelewa, kwamba baba yake yeye mwenyewe alikufa haoni na yeye akiwa daktari wa macho tayari. "Kwa ugonjwa huu," alisema, "mimi na wewe ni watu wa kupima."

Maneno hayo hayakumtoka Kitinda akilini. Alikuwa akimpiga dada yake picha nzuri kuliko za mtu yeyote. Alimsubiri apepese, apumue, atulie, ndipo abonyeze, na picha ilitoka safi. Usafi huo haukuwa na faida nyingine zaidi ya kuonyesha vizuri kilichokufa.

Siku ya picha ya tatu, wakiwa wanatoka, dada alimwambia uamuzi wake. Hakutaka kusubiri mpaka amdhuru mtu. Amejiwekea mpaka: jicho la kulia likivuka tano, anaweka hadubini chini siku hiyohiyo, amebakiza mwaka wa kustaafu au hajabakiza.

"Na lisipovuka?" Kitinda aliuliza.

"Lisipovuka, nakula mkate wangu kama kawaida."

Alisema kwa utani, ila Kitinda alijua hadubini ile ni nini kwake. Dada hakuolewa. Hakuzaa. Watu waliomwamkia barabarani walimwamkia kwa sababu aliwahi kuona ugonjwa wao kabla haujawaua.

Miezi sita ikapita. Dada alikuja asubuhi, amevaa vizuri, akaweka kidevu. Picha ilipotokea, Kitinda hakuhitaji namba. Madoa mawili kati ya yale matatu yalikuwa yameungana. Alichora mstari kwa uangalifu wake wote, na mashine ikatoa tano nukta mbili.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, pochi juu ya magoti, hana hili wala lile. Kitinda akamtazama. Akarudi kwenye skrini, akashika mstari upande wa juu, pale ambapo ukingo wa doa ulipita karibu na kivuli cha mshipa, akausogeza ndani kidogo. Akasogeza na upande wa chini. Mtu mwingine angeweza kusema ni suala la jicho la mchoraji tu. Mashine ikatoa nne nukta sita.

Akamsomea dada namba hiyo.

Dada aliegemea ukuta. "Limepunguza mwendo," alisema. Akarudia tena, kama anayehakikisha kwamba neno linakaa mdomoni. Walipoagana alimshika Kitinda shavu, kitu ambacho hakukifanya tangu Kitinda alipoolewa.

Wiki saba baadaye mama mmoja alileta mtoto wa miaka minne kwenye kituo cha afya, ana homa tangu juzi. Dada alisoma kioo cha damu yake. Alikipitia maeneo mia, akaandika "hakuna." Mama akapewa dawa ya kushusha homa, akarudi nyumbani. Siku ya tatu mtoto aliletwa amelegea, anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Mkuu wa maabara alipima mwenyewe. Alikuwa mwanamke aliyekuja pale miaka mingi nyuma akiwa mwanafunzi, na aliyefundishwa kushika kioo na dada huyohuyo. Vijidudu vilikuwa vingi hata kuvihesabu hakukuwa na haja. Akatafuta kioo cha kwanza kwenye sanduku, akakiweka chini ya hadubini. Navyo vilikuwepo, vichache, lakini vilikuwepo, na yeyote mwenye macho mazima angeviona kabla ya kufika eneo la ishirini.

Alimwita dada, akamwachia kiti. Dada aliinama, akasogeza kioo polepole, akasogeza tena. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Halafu kimoja kikaingia kwenye kile kisiwa chake, kikatoka.

Mtoto alilazwa siku tisa. Dada alienda wodini kila siku, akakaa kwenye benchi la korido karibu na mama wa mtoto. Mama yule hakumjua. Alidhani ni mtu wa dini au jamaa wa mgonjwa mwingine, akamshukuru kwa kumjali, akamwomba amshikie mtoto akanawe uso. Dada alimshika. Siku ya tano, mtoto alipoanza kunywa uji, dada alimweleza mama yule yeye ni nani na alifanya nini. Mama hakupiga kelele. Alimchukua mtoto mikononi mwake, akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho wa korido.

Jumapili alasiri dada alifika nyumbani kwa Kitinda. Shemeji yake alimkaribisha, akaona uso wake, akawachukua watoto akaenda nao nje. Dada alikaa bila kuvua viatu. Alieleza yote, tangu kioo mpaka benchi, kwa sauti iliyonyooka kama anasoma ripoti. Mtoto atapona, alisema, na masikio na akili yake vinaonekana viko sawa, lakini hilo ni Mungu tu. Kisha akasema kitu ambacho hakielewi.

"Picha ilisema limepunguza mwendo. Kama ingevuka tano nisingekuwa kwenye kile kiti. Nawezaje kuwa naona vibaya kuliko picha yenyewe?"

Kitinda angeweza kusema picha hazilingani na uoni kila mara, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini dada alikuwa amegeuza kichwa pembeni ili amwone kwa ukingo wa jicho, akingoja.

"Haikuwa nne nukta sita, dada. Nilisogeza mstari."

Nje watoto walikuwa wakibishana juu ya zamu ya baiskeli.

"Ilikuwa ngapi?"

"Tano nukta mbili."

"Tano nukta mbili," dada alisema. Alifungua pochi, akaifunga. "Nilikuomba unipimie. Sikukuomba unionee huruma."

Kitinda alianza kulia, akajaribu kueleza: kwamba hakuna kingine alichoweza kufanya, kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa akimtazama tu anavyoliwa kidogo kidogo, na mstari ule ndio kitu pekee kilichokuwa ndani ya uwezo wa mkono wake. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumfokea, na Kitinda angelipenda kufokewa. Alipoinuka, alipapasa ukuta kutafuta mlango, na Kitinda aliponyoosha mkono kumsaidia, akausogeza kando, taratibu, kama mtu anavyosogeza pazia.

Kesho yake asubuhi Kitinda alimweleza daktari. Daktari alizungusha kalamu, halafu akamwambia asiguse vipimo hadi atakapomwambia. Wiki mbili alipitia mwenyewe kila mstari ambao Kitinda alikuwa amechora mwaka ule, wagonjwa mia mbili na kitu. Yote ilikuwa sawa isipokuwa mmoja. Alimpa onyo la maandishi, akamrudisha kazini. Kitinda alitamani angefukuzwa, maana kufukuzwa kungekuwa kama kulipia kitu. Dada kwa upande wake aliandika barua ya kuacha kazi, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka. Mkuu wa maabara aliisoma mara mbili, akamwambia anaweza kubaki kufundisha wanafunzi. Dada alikataa. Alisema hawezi kuwaonyesha watu kitu asichokiona.

Miezi iliyofuata waliongea kwa simu. Dada alijibu maswali: amekula, amelala, hajambo. Hakuuliza chochote. Kitinda alipopeleka watoto, mama mkubwa wao aliwakumbatia mmoja mmoja na kuwatambua kwa sauti na harufu ya nywele, akawatania kama zamani. Kitinda alikaa jikoni akiosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya picha ya tano Kitinda hakuwa na uhakika kama dada angekuja. Alikuja, ameshikwa mkono na jirani. Akaketi, akauliza nani atachora. Kitinda akamwambia daktari amekubali kuchora yeye.

"Chora wewe," dada alisema. "Na usome kwa sauti."

Ndani ya mashine huwa kuna alama ndogo ya kijani ambayo mgonjwa huitazama ili jicho litulie. Kitinda alimwambia aitazame. Kupitia lenzi aliliona jicho la kulia likitangatanga, likienda juu, likirudi, likitafuta.

"Alama gani?" dada aliuliza.

Kitinda alizima na kuwasha mwanga. Aliikuza alama mpaka mwisho. Jicho liliendelea kutangatanga. Mwishowe akasimama kando ya mashine, akaweka kidole chake pale ambapo dada angekihisi karibu na sikio, akamwambia asitafute kitu, aelekeze jicho sauti inapotoka, atulie hivyohivyo. Akahesabu moja hadi tatu, akabonyeza. Picha ilitoka imepinda kidogo, lakini inasomeka. Madoa yote yalikuwa yameungana na kisiwa kilikuwa kimekwisha. Kushoto kilibaki chembamba kama ukucha.

Alichora. Ilimchukua muda, kwa sababu kila alipopepesa mstari ulipotea na ilibidi aukaushe uso kwa mgongo wa mkono. Alifuata ukingo kila ulikokwenda, hata pale ulipojificha chini ya mshipa. Dada alingoja kwenye kiti cha ukutani.

"Sita nukta tatu," Kitinda alisoma.

Dada alitikisa kichwa kukubali. Akauliza la kushoto, akaambiwa. Akauliza hicho kilichobaki kushoto kitadumu hadi lini. Kitinda akasema hajui. Mwaka, pengine chini ya hapo.

"Njoo hapa," dada akasema.

Kitinda alimwendea, akachuchumaa mbele yake. Dada alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha akageuza chake.

"Nakuona masikio," alisema. "Mabega nayaona. Shati lako ni la buluu. Hapo katikati hamna mtu."

Hakuondoa mikono. Wakakaa hivyo, mmoja amechuchumaa na mwingine ameketi, mpaka muuguzi akabisha kusema kuna wagonjwa sita nje. Kitinda aliinuka, akachukua kadi, akaandika tarehe ya miezi sita mbele kwa kalamu nene na herufi kubwa kadiri kadi ilivyoruhusu. Akamwekea dada mkononi. Dada aliikunja bila kuitazama, akaitia kwenye pochi, akauliza mlango uko upande gani.